Masikio ya Watoto Wetu wa Masasi na Newala
Hotuba ya Mweka Hazina kwa niaba ya Kamati Tendaji, Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imeletewa maombi mawili, na mfuko wetu unatosha moja. Baadhi yenu mnataka harambee hii imlipie mtoto mmoja kiziwi wa nyumbani apandikizwe kifaa cha usikivu Muhimbili. Wengine mnataka fedha ziende kwa watoto wa shule za msingi wanaotoka usaha masikioni. Sisi tunaoshika daftari la fedha tunaunga mkono ombi la pili, na tunapenda msikie sababu zetu.

Muhimbili ilianza upandikizaji huo Juni 2017. Ni jambo la kujivunia, maana kabla ya hapo watoto walipelekwa nje ya nchi kwa gharama kubwa zaidi. Lakini bado ni zaidi ya shilingi milioni 30 kwa mtoto mmoja, na operesheni ni mwanzo tu. Mtoto hufundishwa kusikia na kuongea kwa muda mrefu, karibu na wataalamu. Mzazi wa Kitangari atahamia Dar es Salaam kwa nani? Tena kwa aliyezaliwa kiziwi, umri mdogo ndio wenye faida; akishapita miaka mitano matokeo hupungua.

Sasa tumtaje mtu ambaye kazi yake imetusaidia kuamua: Dk. B. M. Minja, mtafiti wa magonjwa ya masikio, Muhimbili. Mwaka 1996, yeye na mwenzake Machemba walichapisha matokeo ya kupima wanafunzi wa Dar es Salaam, wa mjini na wa vijijini. Wa vijijini walikuwa na masikio ya usaha sugu mara kadhaa kuliko wenzao wa mjini. Mkoa ni ule ule mmoja, jamani! Mwaka 1998 akachapisha utafiti mwingine kuhusu watoto wa Shule ya Viziwi Buguruni, akitafuta kila mmoja uziwi wake ulitoka wapi. Ni kazi isiyo na makofi: kuuliza wazazi, kuchungulia masikio, kuandika. Mwaka 1995 wengine walichapisha matokeo ya wanafunzi wa Moshi na Monduli. Hata Jay Buckey, Mmarekani aliyeruka na chombo cha anga mwaka 1998, baadaye alishirikiana na madaktari wetu kupima usikivu wa watoto wenye virusi vya UKIMWI Dar es Salaam.

Kwetu tunajua nguvu ya kuhesabu. Homa ya chikungunya, inayotajwa leo hadi Brazili na India, ilielezwa kwanza na madaktari walioifuatilia kwenye uwanda wetu wa Makonde mwaka 1952 na 1953, na jina lake ni la Kimakonde. Masikio nayo yanastahili daftari.

Usaha wa sikio ukizidi wiki mbili ni ugonjwa sugu. Kiwambo cha sikio kimetoboka, mtoto anasikia nusu nusu, mwalimu anamwita mzembe. Ukiachwa kabisa, maambukizi yanaweza kufika kwenye ubongo. Na tiba yake ya kwanza ni kazi ya mkono: kukausha sikio kwa utambi wa kitambaa safi mara kadhaa kwa sika hadi likauke, kisha matone ya dawa aliyoandika mganga. Si mafuta ya kupikia, si maziwa ya mama, si njiti ya kiberiti. (Bibi zetu watatusamehe.)

Uziwi mwingine hutokana na uti wa mgongo, surua, au rubela kwa mama mjamzito. Chanjo ya surua na rubela ipo nchini tangu 2014. Kadi ya kliniki ikamilishwe. Sindano ya gentamaisini huokoa maisha, lakini ikizidi huua usikivu, kwa hiyo isichomwe dukani.

Tunaomba fedha kwa vifaa vya taa vya kuchungulia sikio kwa zahanati, mashine moja ya kubeba ya kupimia usikivu itakayozunguka Masasi na Newala, matone ya dawa, na posho ya mafunzo kwa waganga na walimu. Bei za kila kimoja zipo ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, pamoja na ankara tulizoletewa. Watakaokutwa na tatizo kubwa watapewa barua ya kwenda Mkomaindo, Ndanda au Ligula, na nauli imo kwenye bajeti.

Mtoto aliyeombewa kifaa hatujamsahau. Tumetenga nauli yake na ya mama yake kwenda kupimwa Muhimbili, wataalamu waseme kama anafaa. Majibu yake yataletwa mbele ya mkutano huu.

Fomu za ahadi ziko kwa makatibu wa matawi. Anayesubiri malipo ya korosho aandike tarehe ya baada ya mnada, tutapokea.