Kushinda Shauri Ni Nusu ya Safari: Mahakama za Biashara na Malipo ya Madeni



Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Maneno hayo ni ya zamani, lakini hapana mfanya biashara wa leo asiyejua ukweli wake. Karibu biashara yote husimama juu ya ahadi. Mwenye duka dogo huchukua unga na sukari kwa mwenye duka la jumla, alipe mwisho wa mwezi. Seremala huletewa mbao kabla ya kuuza vitanda. Ahadi hizi zikivunjwa, na mwenye kudai asiwe na pa kwenda, watu hurudia biashara ya mkono kwa mkono. Na biashara ya namna hiyo haiwezi kukua kupita fedha iliyomo mfukoni siku ile.

Na achukuliwe kwa mfano mkulima wa viazi wa Nyandarua, auzaye magunia yake kwa mchuuzi wa Nairobi kwa shilingi 180,000. Siku ya kupakia hupokea shilingi 60,000, na kwa zilizobaki hupewa ahadi ya majuma mawili. Majuma mawili yageuka miezi miwili, simu haijibiwi. Je, aende mahakamani? Ikiwa shauri litachukua miaka mitatu, na nauli na ujira wa wakili vitakula sehemu kubwa ya deni, mtu mwenye akili huacha. Mchuuzi naye ajua hivyo, na ndiyo sababu halipi.

Wengi hudhani hasara yaishia hapo, kwa mkulima mmoja. Sivyo. Msimu ufuatao mkulima huyo hakubali kumwuzia mtu yeyote kwa ahadi, hata yule mchuuzi mwaminifu ambaye angelipa bila kukumbushwa. Kijana mgeni katika biashara, mwenye bidii lakini asiye na fedha taslimu wala jamaa wa kumdhamini, ndiye akosaye mali ya kuuza. Katika benki mambo ni yale yale. Mkopeshaji asiyetumaini kurudishiwa fedha yake kwa njia ya mahakama hutaka riba kubwa zaidi, au hutaka hati ya shamba, na asiye na hati hufungiwa mlango. Kwa hiyo mahakama yenye kukawia humdhuru hata mtu ambaye hajapata kukanyaga mlango wake maisha yake yote, wala yeye hajui kilichomdhuru.

Taabu hii si ya Afrika peke yake. Katika miaka ya 1890 wafanya biashara wa London walikuwa wamechoshwa na mahakama zao wenyewe, na wengi walikimbilia kwa waamuzi waliowachagua wao kwa wao. Shauri moja lilihusu meli iliyokwama pwani, na swali lilikuwa jinsi hasara na gharama zitakavyogawanywa baina ya mwenye meli na wenye shehena. Jaji aliyelisikiliza, jina lake Lawrance, alikuwa na ujuzi mdogo sana wa mambo hayo. Alikawia mno kutoa hukumu, na hatimaye alipoitoa, waliosikia hawakuamini kwamba amelifahamu shauri lenyewe. Lilipanda kwa rufani hata likafika Baraza la Malodi mwaka 1894. Mwaka uliofuata, yaani 1895, iliwekwa orodha ya pekee ya mashauri ya biashara, chini ya Jaji Mathew, mtu aliyeyajua mambo ya biashara na asiyependa maneno mengi. Baadaye wanasheria walisema kwa mzaha kwamba mwanzilishi wa kweli wa Mahakama ya Biashara ya London ni Lawrance.

Katika Afrika ya Mashariki fikira hiyo ilifuatwa baada ya miaka mia. Uganda ilianzisha kitengo cha biashara katika Mahakama Kuu mwaka 1996, Tanzania mwaka 1999, na Kenya katika miaka hiyo hiyo ya 1990. Rwanda ilifungua mahakama zake za biashara mwaka 2008.

Faida yake ni nini? Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2020, ilikadiria kwamba shauri la kawaida la biashara mjini Nairobi lilichukua siku 465 tangu kufunguliwa hata kulipwa, na kwamba gharama zake zilifikia asilimia 41.8 ya deni lenyewe. Mjini Kigali siku zilikuwa 230 tu. Ripoti hizo zilikomeshwa mwaka 2021 kwa sababu ya kasoro zilizoonekana katika takwimu za nchi kadhaa, basi yafaa kuzitumia kwa hadhari. Lakini jambo moja lastahili kuangaliwa: huko Kigali, penye mbio, gharama zilikadiriwa kuwa asilimia 82.7 ya deni. Mwendo wa haraka ni kitu kimoja, na nauli ni kitu kingine. Mdai apataye hukumu upesi, kisha akabakiwa na shilingi 17 katika kila 100, hana la kushangilia.

Kwa mtu wa kawaida wa Kenya, badiliko lililo kubwa kuliko yote ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ilitungwa mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021. Baadaye zikafuata za miji mingine. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000: bei ya bidhaa zilizouzwa, malipo ya kazi iliyofanywa, mali iliyoharibiwa. Mashauri ya mashamba, ya kazi ya kuajiriwa na ya kuvunjiana heshima hayamo. Sheria yataka shauri limalizike kwa siku 60. Mdai aweza kusimama mwenyewe bila wakili na kusema kwa Kiswahili, wala mahakama haifungwi kabisa na kanuni ngumu za ushahidi. Rufani huenda Mahakama Kuu, nayo ni juu ya swali la sheria tu. Naam, siku 60 zilizoandikwa katika kitabu haziji zenyewe. Mdaiwa akijificha asipewe samansi, au waamuzi wakiwa wachache kuliko mashauri, siku hupita.

Lakini hukumu si fedha. Hapa ndipo wengi hukwama, wakidhani mahakama itawapelekea malipo nyumbani. Mshindi mwenyewe ndiye aombaye hukumu itekelezwe. Aweza kuomba mali ya mdaiwa ikamatwe na dalali aliyeidhinishwa, au fedha yake iliyoko benki izuiwe alipwe yeye. Mdaiwa mwenye uwezo akatae kulipa kwa ukaidi, mahakama yaweza hata kumpeleka kifungoni, muda usiozidi miezi 6. Asiye na kitu hafungwi kwa sababu ya ufukara wake.

Dalali naye hana ruhusa ya kuvamia. Yampasa aorodheshe mali na kumpa mwenyewe notisi ya siku 7 alipe kabla ya vitu kuondolewa. Nguo, vitanda na vyombo vya kupikia vya jamaa ya mdaiwa haviguswi, wala zana za fundi azitumiazo kwa kazi yake. Sharti hizi hazikuwekwa kwa huruma tu. Fundi aliyenyang'anywa randa na msumeno hatalipa deni lolote tena.

Hila za wadaiwa ni nyingi. Lori lililokuwa lake jana, leo laambiwa ni la shemeji. Mwenye shauri afanya vema kujua mapema mdaiwa ana nini na kiko wapi, kabla hajatumia shilingi ya kwanza mahakamani.

Tena haifai kuficha kwamba mdaiwa mmoja hawezi kukamatiwa mali kabisa, naye ni Serikali, pamoja na serikali za kaunti. Sheria yakataza. Mkandarasi aliyejenga zahanati akashinda shauri lake hupewa cheti cha deni, na asipolipwa yambidi arudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha ofisa mwenye dhamana ya fedha. Baadhi yao wamengoja miaka, huku vibarua wao na wenye maduka ya saruji wakiwadai wao. Sababu ya kukinga mali ya umma yaeleweka, kwa kuwa hapana apendaye gari la wagonjwa lipigwe mnada. Lakini kukingwa dhidi ya dalali si ruhusa ya kutolipa, na anayewahimiza raia watimize ahadi zao atazamwa kwanza jinsi atimizavyo zake.

Kwa wenye madeni ya kudai, yakumbukwe mambo mawili ya wakati. Dai la mapatano lazima lifunguliwe kabla ya miaka 6 kupita tangu ahadi ilipovunjwa. Na hukumu iliyokwisha kupatikana yaweza kutekelezwa kwa muda wa miaka 12; baada ya hapo yabaki karatasi. Stakabadhi, daftari la duka, na ujumbe wa fedha iliyotumwa kwa simu vyafaa kuhifadhiwa muda wote huo.