Hotuba kwa wazazi na wanariadha: mbio za nyika za vyuo



Mashindano ya kitaifa ya mbio za nyika ya vyuo vya Marekani, NCAA, yalianza mwaka wa 1938, kwa wanaume pekee. Wanawake waliingia mwaka wa 1981. Marehemu Henry Rono, wa hapo jirani Nandi, aliyashinda mara tatu. Sally Kipyego naye akashinda mara tatu mfululizo, 2006 hadi 2008, huku akisomea uuguzi.

Wazazi, uuguzi mmeusikia? Vyuo hivyo huuliza matokeo ya kidato cha nne. Kijana anayeacha shule kidato cha tatu akafanye mazoezi kwenye majani chai hachukuliwi, hata awe na kasi namna gani. Na si lazima awe wa kwanza: timu hukimbiza saba, na pointi za watano huhesabiwa.