Kuuliza Kama Kuna Barua Pepe Mpya kwa Amri za Maandishi

Somo letu la leo ni la wale wenye sanduku la barua pepe lakini hawana fedha za kulifungua kila saa. Ninyi mlio Mpapura, na wenzenu wa vijiji vingine vya Mtwara, chukueni kalamu na karatasi, maana nitataja maneno ambayo hayana budi kuandikwa kama yalivyo, herufi kwa herufi.

Tuseme ni msimu wa korosho. Wakulima wamekwisha peleka mzigo wao kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, ambao kwa korosho ulianzia huku kwetu Mtwara mwaka 2007. Karani wa chama cha msingi amepeleka orodha ya majina na namba za akaunti za benki, naye angoja jibu. Jibu likisema kwamba akaunti ya mkulima fulani ina kosa, kisha likalala sandukuni siku tano, ni huyo mkulima atakayekaa siku tano bila fedha zake, na ada ya shule haingoji. Kwa hiyo karani ataka kutazama sanduku asubuhi, adhuhuri na jioni. Lakini kila alifunguapo kwa kurasa zile zenye picha na mapambo, huenda zikala megabaiti kadhaa, na mara nyingi hakuna barua yo yote. Bando lamwishia bure.

Zamani mtu alikwenda posta, akasimama dirishani, akauliza: "Bwana, iko barua yangu?" Karani akatazama, akajibu iko au haiko. Hakumpakulia mzigo wote wa posta mezani. Hivyo ndivyo tutakavyofanya leo. Barua pepe zenu hukaa katika kompyuta kubwa iitwayo seva, na seva hiyo yajua kujibu maswali mafupi ya maandishi matupu. Lugha ya maswali hayo huitwa POP3, na kanuni zake zinazotumika hata leo zilichapishwa mwaka 1996.

Kuuliza kwa maandishi si jambo geni. Mwaka 1980 wataalamu wa Berkeley, Marekani, walitoa programu ndogo ya kumwarifu mtu kwamba barua imefika, wakaipa jina Biff, jina la mbwa aliyekuwa akizoea kuzurura pale chuoni. Na mwaka 1993 shirika la SatelLife lilirusha satelaiti ndogo, HealthSat-2, iliyochukua barua za maandishi za madaktari wa Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, kila ipitapo juu ya vichwa vyao. Walipelekeana habari za maradhi na tiba kwa maandishi tu, bila picha, na kazi ikaenda.

Sasa tuanze. Fungueni dirisha la amri katika kompyuta. Mwenye simu ya Android aweza kutumia programu ya Termux, akaweka ndani yake chombo kiitwacho openssl kwa amri hii:

pkg install openssl-tool

Kisha andikeni hivi, mkiweka jina la seva yenu mahali pa neno SEVA:

openssl s_client -crlf -connect SEVA:995

Namba 995 ni mlango wa POP3 uliofungwa kwa kufuli la siri, ili mtu wa njiani asisome. Seva itatoa maneno mengi ya kujitambulisha, msiyajali. Mwisho wake mtaona +OK. Hapo andikeni, mstari mmoja mmoja:

user jina-lenu
pass neno-la-siri
stat

Angalieni mambo mawili. Neno la siri litaonekana wazi kwenye kioo, basi msifanye kazi hii mkizungukwa na watu. Tena amri zote ziandikwe kwa herufi ndogo. Seva haijali ndogo wala kubwa, ila chombo openssl kinajali: mstari ukianza kwa R kubwa, chenyewe hudhani mmekiambia kifunge kufuli upya, na amri yenu haifiki. Wengi wamehangaika hapa wakidhani sanduku lao ni bovu.

Jibu la stat litakuwa kama hili:

+OK 4 6048210

Maana yake, sandukuni mna barua 4, na uzito wa zote pamoja ni baiti 6,048,210. Mmepata habari hiyo kwa kilobaiti chache tu. Kama jana jioni zilikuwa 3, bila shaka moja imeingia. Lakini mkiwa wawili mnaotumia sanduku moja, mwenzenu aweza kufuta moja na nyingine ikaingia, hesabu ikabaki ile ile. Kwa hiyo ni afadhali kuandika uidl, ambayo hutoa alama ya kudumu ya kila barua. Alama isiyo katika daftari lenu ni ya barua mpya. POP3 haijui ipi imesomwa na ipi haijasomwa. Lugha nyingine, IMAP, ndiyo ijuayo, nayo ina somo lake.

Kabla ya kusoma, andikeni list, mwone uzito wa kila moja. Ikiwa barua ya 4 ni baiti milioni sita, ina faili ndani yake, na faili likisafirishwa kwa barua huongezeka uzito kwa kadiri ya theluthi moja. Msilivute. Andikeni:

top 4 0

Seva nyingi zitawapa kichwa cha barua tu: nani ameandika, lini, na juu ya nini. Ikiwa ni jibu la orodha ya akaunti, hapo karani ana sababu ya kutoa nauli kwenda Mtwara mjini. Ikiwa ni tangazo la biashara, na likae huko huko. Barua ndogo someni kwa retr na namba yake. Amri ya dele hufuta; iacheni.

Wenye sanduku la Google wajue kwamba tangu mwaka 2022 neno la siri la kawaida halikubaliwi kwa njia hii. Sharti kwanza wawashe uthibitisho wa hatua mbili, ndipo waombe neno la siri la programu, lenye herufi 16.

Mkimaliza andikeni quit, nayo seva itawaaga. Wiki ijayo tutajifunza IMAP. Kwaherini.