Picha ya Safari Katika Wasifu wa Kutafuta Mchumba



Huenda baadhi yenu mmejiuliza kwa nini taasisi ya umma, ambayo kazi yake ni kumlinda mlaji, imeamua kuzungumzia picha za watu wanaotafuta wachumba mtandaoni. Jibu letu ni fupi. Anayeweka picha yake kwenye jukwaa la wachumba ameingia sokoni. Analipia kifurushi cha intaneti, pengine analipia na uanachama wa jukwaa lenyewe, na juu ya hayo anatoa kitu chenye thamani kuliko fedha, nacho ni uso wake. Palipo na soko hapakosi udanganyifu, na panapokuwa na udanganyifu sisi tuna wajibu wa kusema.

Tumezichagua picha za safari kwa sababu zinapendwa na wengi katika wasifu za namna hii, na ndizo zinazobeba siri nyingi kuliko picha nyingine. Picha iliyopigwa sebuleni humwonyesha mtu. Picha ya safari humwonyesha mtu, mahali alipo, alioandamana nao na uwezo wake wa fedha, na wakati mwingine huwajulisha wasiomfahamu kwamba nyumba yake wiki hiyo haina mtu. Hatuji hapa kuwakataza. Tunakuja kusema kwamba picha nzuri ya safari ni ile inayomwonyesha mtu jinsi alivyo, bila kumwonyesha mgeni mahali pa kumpata. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja katika picha moja.

Tuanze na namna ya kupiga picha yenyewe.

Kosa la kwanza la wasafiri wengi ni kupiga picha ya mahali badala ya picha ya mtu. Mtu husimama mbali, mbele ya Mlima Kilimanjaro, akawa kama punje ya mtama chini ya mlima. Mlima huo wenye meta 5,895 hautafuti mchumba. Katika wasifu, mahali ni kiti, na wewe ndiye unayekikalia. Hakikisha angalau picha moja inaonyesha uso wako wazi, bila miwani ya jua wala kofia inayofunika macho, na nyingine moja inakuonyesha mwili mzima.

Jambo la pili ni mwanga. Sisi tunaishi karibu na Ikweta, na saa za mchana jua hutusimamia utosini. Mwanga huo hutia kivuli chini ya nyusi na pua, macho yakaonekana kama mashimo. Piga picha baada ya jua kuchomoza, hadi kama saa 2 asubuhi, au kuanzia saa 11 jioni. Jueni pia kwamba machweo yetu ni ya haraka, hivyo anayesubiri hadi jua liguse maji hubaki na dakika chache tu. Kama huna budi kupiga picha mchana, tafuta kivuli kilicho wazi upande mmoja: chini ya mkungu, barazani, au chini ya matao ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ukiwa huko, ukikumbuka kwamba magofu hayo yalikuwa mahali pa ibada na yanastahili heshima.

Fahamu pia upande wa jua. Pwani ya Dar es Salaam inatazama mashariki, kwa hiyo jua hutoka baharini asubuhi. Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, hutazama magharibi, na hapo jua huzama baharini jioni. Upande wa mashariki wa Unguja, kama Paje na Jambiani, maji yakitoka huenda mbali sana, na aliyetamani bahari ya buluu nyuma yake hukuta mchanga mtupu na mwani. Kabla ya kulipa nauli, muulize mvuvi au mwenyeji bahari hujaa saa ngapi siku hiyo.

Jambo la tatu ni simu yenyewe. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini, kwani jasho na mafuta ya mkononi huifanya picha iwe na ukungu. Usiikaribie sana sura, maana lenzi pana ya simu huikuza pua na kuyarudisha nyuma masikio. Ni afadhali mpiga picha arudi hatua mbili, kisha avute picha kidogo. Watu wenye ngozi nyeusi wakisimama mbele ya anga au mchanga mweupe, simu huupima mwanga wa nyuma na kuuacha uso gizani. Dawa yake ni kugusa uso kwenye kioo cha simu, kisha kuuongeza mwanga hadi uso uonekane. Usikubali kuondoka na picha isiyoonyesha uso wako kwa kudhani kwamba kasoro ni ngozi yako. Kasoro ni kipimo cha simu.

Mwisho, fanya jambo fulani. Mtu anayemenya chungwa, anayepanda ngalawa au anayecheka na muuza urojo huonekana hai kuliko aliyesimama wima kama anayepigiwa picha ya kitambulisho. Picha hiyo pia humpa mtazamaji swali la kuanzia mazungumzo, na hilo ndilo kusudi la picha.

Sasa tuje kwenye ukweli wa picha. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sheria na desturi za biashara humtaka muuzaji asiseme uongo kuhusu bidhaa yake, na haki hiyo hiyo anayo mtu atakayekutana nawe. Picha ya miaka saba iliyopita, sura iliyolainishwa kwa kichujio hadi haina alama hata moja, gari la rafiki, hoteli uliyoingia kunywa soda tu: vyote hivyo huahidi kitu ambacho siku ya kukutana hakitakuwapo. Kurekebisha mwanga ni halali. Kubadilisha umbo la pua, rangi ya ngozi au kiuno ni jambo jingine. Kipimo tunachokipendekeza ni hiki: mtu aliyeona picha zako aweze kukutambua stendi ya mabasi bila kupiga simu.

Pamoja na ukweli kuna heshima kwa wengine. Uliokutana nao safarini hawakuomba kuingia katika wasifu wako. Omba ruhusa kabla ya kumweka mwenyeji kwenye picha, na usiwatumie watoto wa watu kama pambo la huruma yako. Kiti cha pwani, yule kiumbe wa baharini mwenye mikono mitano, asitolewe majini ili ashikwe mkononi, kwa kuwa kumtoa humdhuru. Katika hifadhi za wanyama usishuke garini mahali pasiporuhusiwa kwa ajili ya picha na tembo. Maeneo ya jeshi na mengine yanayolindwa hayapigwi picha kabisa.

Ndugu zetu, sasa tunafika kwenye sehemu iliyotufanya tuandae mada hii.

Tulimpokea ofisini kijana mmoja, fundi umeme. Alikuwa amekwenda Bagamoyo katika safari ya wafanyakazi wenzake, akapiga picha nzuri sana, akaziweka kwenye jukwaa la wachumba. Hakudanganya chochote. Miezi michache baadaye mama mmoja kutoka mkoa mwingine alifika kazini kwake, akasimama mapokezi ameshika simu yenye picha zile zile, akadai fedha zake. Alikuwa ametuma mara tatu: kwanza nauli, kisha gharama za matibabu, kisha ushuru wa mzigo uliosemekana umekwama bandarini. Laghai alikuwa amezichukua picha za kijana huyu, akazipa jina jingine, akaongea mapenzi kwa muda mrefu hadi mama yule akaamini.

Mama alijuaje pa kwenda? Katika picha moja kijana alivaa fulana ya safari, na kifuani iliandikwa jina la mwajiri wake. Wote wawili hawakuwa na hatia, na wote wawili walitoka pale wamepoteza kitu. Mama alipoteza akiba yake. Kijana alitumia wiki kadhaa kuwaeleza wenzake kwamba si yeye, na alipofika kwetu alitaka kufuta kila picha yake mtandaoni asionekane tena. Tulimshauri asijifiche. Tulikaa naye, tukazipitia picha moja moja, na ushauri tuliompa ndio tunaowapa nanyi leo.

Kabla ya kuweka picha, itazame kama mgeni mwenye nia mbaya. Je, inaonyesha sare, kitambulisho cha kazini, namba ya gari, namba ya chumba cha hoteli au geti la nyumba yako? Kata sehemu hiyo au chagua picha nyingine. Usionyeshe kamwe pasi ya kupandia ndege, kwa kuwa namba ya tiketi ikiunganishwa na jina la ukoo huweza kumfungulia mtu mwingine taarifa za safari yako. Picha za safari ziwekwe baada ya kurudi nyumbani. Anayetangaza leo kwamba yuko Lushoto hadi Jumapili amewatangazia pia wezi wa mtaani kwake.

Zimo pia taarifa zisizoonekana kwa macho. Simu nyingi huandika ndani ya picha tarehe, saa na mahali hasa ilipopigwa. Majukwaa mengi huziondoa taarifa hizo picha inapopandishwa, lakini ukimtumia mtu picha halisi kama faili, huenda zikafika nazo. Ingia kwenye mipangilio ya kamera ya simu yako uzime uandikaji wa mahali. Tena, usitumie katika wasifu picha ile ile uliyoiweka kwenye kurasa zako nyingine zenye jina lako kamili. Kuna huduma za kutafuta kwa picha, na mtu akiiweka picha hiyo humo anaweza kufikishwa kwenye jina lako, kazi yako na ndugu zako.

Huduma hizo hizo zinaweza kukulinda wewe unayetazama. Ukivutiwa na mtu ambaye kila picha yake ni ya hoteli ya kifahari, itafute picha yake. Ukiikuta kwa jina jingine, simama hapo. Mwombe muongee kwa video kabla moyo haujaenda mbali, na ujue kwamba hata video siku hizi huweza kughushiwa, hivyo dalili kubwa inabaki ile ile: mtu ambaye hamjakutana naye anapoomba fedha, kwa sababu yoyote ile, usitume.

Wale wanaoajiri wapiga picha wa ufukweni nao wana la kuzingatia. Patana kabla ya picha ya kwanza: bei ni ya kila picha au ya kazi nzima, utapata picha ngapi, lini, na kwa njia gani. Uliza kama mpiga picha atazitumia kujitangazia biashara yake, na kama hutaki, mwambie hivyo na mkubaliane kwa maandishi, hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe huo ndio utakaokusaidia mkifika mbele ya msuluhishi.

Ikiwa picha zako zimekwisha kuibwa, usikae kimya kwa aibu. Hifadhi ushahidi: picha ya kioo cha simu inayoonyesha wasifu wa bandia, jina lililotumika na tarehe. Toa taarifa kwa jukwaa husika, kisha kituo cha polisi, ukapewe namba ya taarifa yako. Aliyekwisha tuma fedha ampigie mtoa huduma wake wa fedha kwa simu mara moja, kwa maana kila saa inayopita humsaidia laghai. Ujumbe mfupi wa kitapeli utumwe kwenda namba 15040. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza mtu kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki juu ya taarifa zinazokuhusu. Picha ya uso wako ni mojawapo ya taarifa hizo.

Yule kijana fundi umeme alirudi jukwaani. Picha yake ya kwanza sasa ilipigwa jioni, mwanga umemwangukia usoni, amevaa shati lisilo na maandishi, anacheka. Nyuma yake ni bahari na mashua moja, na ukiitazama huwezi kujua ni ufuo upi. Lakini ukikutana naye njiani utamtambua mara moja.