Mzazi Mgeni Asiachwe Peke Yake



Katika ploti moja hapa, jirani wa kwanza ametoka Murang'a, wa pili Machakos, wa tatu ni mama aliyekimbia vita Kivu. Watoto wao hucheza pamoja. Wanaoogopana ni wazazi.

Barua ikitoka shuleni, mama huyo husomewa na mtoto wake. Mtoto akishakuwa mkalimani wa nyumba, sauti ya mzazi hupungua. Mkutano wa wazazi ukiitishwa, haendi. Si kwamba hajali, anaona haya.

Aelezwe mambo matatu. Kwanza, Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi, ya bure na ya lazima, na wake yumo. Pili, mtoto aliyezaliwa Kenya huandikishwa hata wazazi wakiwa wageni. Asingoje miezi sita ipite. Tatu, kifungu hichohicho kinamkinga mtoto dhidi ya ukatili na adhabu za kinyama. Hilo linatuhusu wenyeji pia. Malezi yakimlemea, namba 116 hupigwa bila malipo.

Lugha yake, heshima na hadithi za kwao asiziache, mtoto anazihitaji.

Nawe jirani, siku ya mkutano wa shule, mbishie hodi mwende pamoja.