Ridhaa si bure

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Katika nchi yetu tumezoea kusikia habari za ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa. Bondia wa ridhaa anajua kwamba anapigania medali na jina la klabu yake, na wa kulipwa anajua kwamba kabla ya kupanda ulingoni kuna karatasi aliyotia sahihi. Hakuna anayewachanganya. Lakini tukiingia katika muziki, hasa muziki wa bendi, mambo huvurugika. Wako watu wengi katika miji yetu ambao mchana ni makarani, walimu, mafundi cherehani, madereva na wanafunzi, na jioni au siku za mapumziko hushika gitaa. Hao ndio wanamuziki wetu wa ridhaa, na mara nyingi hawajui kama usiku huo wanapiga kwa ridhaa au kwa malipo mpaka vyombo vimekwisha kufungwa.

Leo nitawazungumzia wapiga besi peke yao. Nawachagua kwanza kwa kuwa mimi ni mmoja wao kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Pili, mpiga besi ndiye anayetafutwa sana kabla ya shughuli na kusahauliwa mapema baada ya shughuli.

Kwa asiyelijua vizuri, gitaa la besi ni lile lenye nyuzi nne nene. Aina iliyoenea duniani ilianza kuuzwa na Mmarekani Leo Fender mwaka 1951. Kazi yake ni kufuata mguu wa mpiga dramu na wakati huo huo kuwaonyesha waimbaji njia. Ukipita usiku karibu na ukumbi wa dansi, kabla hujamtambua anayeimba, besi imekwisha kukufikia kifuani. Lakini wewe unayenisikiliza kwa redio ndogo ya betri, hata wakiweka wimbo baada ya mazungumzo haya, besi hutaipata sawasawa, maana spika yako ni ndogo. Basi na mpiga besi mwenyewe ni hivyo hivyo. Watu hawamwoni mpaka siku asipokuwapo, na hapo ndipo husema, "Mbona leo muziki umepwaya?"

Jambo la ridhaa si geni. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na vilabu vingi vya jazz vilivyofuata katika miji yetu vilikuwa vya watu wenye kazi zao za mchana. Mwaka 1964 ikaja NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake wakawa waajiriwa. Jeshi, polisi, magereza na mashirika ya umma nayo yakawa na bendi zao. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 na baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Katika mpango huo mpiga besi aliweza kuwa mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Uchumi ulipobadilika katika miaka ya 1980 na 1990, ajira za namna hiyo zilipungua, na mzigo mkubwa ukarudi kwa watu wa ridhaa.

Sasa, mpiga besi wa ridhaa hupiga wapi? Nitataja sehemu tano, na kila moja ina sheria zake zisizoandikwa.

Ya kwanza ni kanisani. Hapa ndipo wengi wetu tulipofundishiwa. Gitaa ni la usharika, linafungiwa stoo, na mwalimu wa kwaya hakupi karatasi ya nota za mistari bali maandishi ya tonikisolfa: do, re, mi. Unakaa nyuma ya waimbaji wa sauti ya nne na kuifuata sauti yao. Hakuna malipo na hakuna anayeyadai, kwa sababu mwimbaji halipwi, mwalimu mara nyingi halipwi, na mama anayefua sare za kwaya halipwi pia. Taabu yake ni saa tu. Mtu aliyekesha Jumamosi ukumbini anatakiwa ibada ya kwanza Jumapili asubuhi, macho yakiwa mekundu, na mzee wa kanisa anamwangalia kwa jicho la kumpima pumzi.

Ya pili ni taarab, na hapa nawavusha bahari hadi Zanzibar. Huko kuna vilabu vikongwe kama Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club ya mwaka 1958. Besi ya asili ya kikundi kama hicho si gitaa. Ni ile besi kubwa ya kusimama, inayofanana na fidla iliyorefuka kumpita mpigaji. Haina vigingi vya kukuonyesha sauti ilipo, kwa hiyo ni sikio na mkono tu. Kwa desturi ya vilabu hivyo, mwanachama halipwi kwa kupiga. Yeye ndiye hutoa ada. Waswahili wamesema mcheza kwao hutunzwa, na kweli wakati wa shughuli kina mama huinuka na noti zao, lakini wanamwendea mwimbaji. Sijapata kumwona mama akiizunguka safu yote ya fidla ili amtunze mtu wa besi. Hata hivyo sijamsikia mpiga besi wa klabu akilalamika. Klabu ni yake, baraza ni lake, na jina la klabu likitajwa vizuri mjini, na yeye ametajwa.

Ya tatu ni harusi, pamoja na sherehe za kumuaga bibi harusi, kipaimara na ubarikio. Hapa mpiga besi anatakiwa ajue kila kitu. Maharusi wakiingia ni wimbo wa dini. Wakati wa chakula ni nyimbo laini za zamani, na besi ipigwe kwa kunong'ona ili wazee wazungumze. Wakati wa zawadi upande wa bwana harusi unataka ngoma ya kwao. Na ndafu ikishaliwa vijana wanataka muziki wa Kongo. Mwimbaji anageuka na kukutajia ufunguo wa wimbo tayari ameshaanza kuimba. Anayelipa ni kamati ya harusi, na kamati ya harusi, ndugu zangu, ni chombo kinachozaliwa kwa vikao vingi na kufa usiku mmoja.

Ya nne ni ile tunayoiita deiwaka. Mpiga besi wa bendi ya dansi amesafiri au anaumwa, na kiongozi wa bendi anakupigia simu saa tisa alasiri: "Mdogo wangu, leo njoo utushikie besi." Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo tamu kuliko zote. Besi ya dansi letu haitembei moja kwa moja. Inaruka, inaacha nafasi, kisha inarudi mahali usipotarajia, na kila bendi ina mtindo wake. Nyimbo za bendi hiyo unazijua kwa kuzisikia redioni, lakini kuzisikia si kuzipiga. Solo anakukonyeza kwamba sasa wimbo unachemka, na wewe uwe umeshafika. Kuhusu malipo, mpango wa siku nyingi ni kwamba mwenye ukumbi anachukua fedha ya bia na bendi inachukua fedha ya mlangoni. Mvua ya masika ikinyesha, mlangoni hakuna kitu. Wenye bendi hugawana kidogo kilichopo, na deiwaka huambiwa asante.

Ya tano ni shughuli za wakubwa: hoteli, uzinduzi wa bidhaa na mikutano ya kampeni. Hotelini unavaa shati jeupe, unapiga polepole, watalii wanaomba "Malaika" mara tatu, na chakula unakula jikoni nyuma. Malipo yanajulikana, lakini hupitia kwa mtu aliyepitia kwa mtu. Kwenye kampeni unapiga juu ya gari, jua la saa saba likikuchoma, na mara nyingine malipo ni fulana na kofia.

Ndugu wasikilizaji, katika sehemu hizo tano utaona kwamba kanisani na kwenye klabu ya taarab mtu anatoa, na wenzake wote wanatoa. Hakuna ugomvi hapo. Ugomvi uko kwenye zile tatu zilizobaki, na unaletwa na neno moja la Kiswahili, neno zuri kabisa: "Njoo utusaidie." Kwetu sisi anayeomba msaada haulizwi atalipa nini. Ukimwuliza, wewe ndiye unayeonekana huna utu.

Kijana mmoja niliyemfundisha besi kwenye kwaya aliambiwa hivyo na kamati ya harusi. Alipiga kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku, kwa amplifaya aliyoikodi kwa fedha yake. Shughuli ilipokwisha akaambiwa mhazini amekwisha kuondoka na msafara wa maharusi. Akatembea usiku ule kutoka Tabata hadi Buguruni, gitaa mgongoni, akiogopa vibaka. Jumatatu alipompata mhazini kwa simu alijibiwa kwa upole kabisa: "Mwanangu, sisi tulijua unatusaidia." Deni la amplifaya akalilipa mwenyewe. Baada ya miezi michache aliuza gitaa. Siku hizi katika kwaya ile mpiga kinanda ndiye anayepiga besi kwa mkono wa kushoto.

Nani alikosea hapo? Ningependa tuitazame sheria. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayotumika Tanzania Bara, inaeleza katika kifungu cha 13 kwamba watu wameridhiana pale wanapokubaliana juu ya jambo lile lile kwa maana ile ile. Angalieni hapo. Kamati ilisema "tusaidie" ikimaanisha bure. Kijana alisikia "tusaidie" akielewa kazi. Neno lilikuwa moja, maana zilikuwa mbili. Kwa hiyo yule tunayemwita mpiga besi wa ridhaa, usiku ule, hakuwa ameridhia kile alichotendewa. Ridhaa ni kukubali jambo unalolijua.

Wako wapiga besi wa kulipwa wanaotulaumu sisi wa ridhaa kwamba tunaharibu bei, na lawama yao ina uzito. Mzee mmoja wa besi aliwahi kuniambia: "Wewe, mwanangu, ukipiga kwa soda na wali, una mshahara wako mwisho wa mwezi. Mimi nikidai changu naambiwa wapo vijana wanaopiga kwa soda." Sikuwa na jibu la kumbishia. Mwenye ukumbi anayepata mtu wa bure Ijumaa hataona sababu ya kumlipa mtu Jumamosi, na watoto wa yule mzee wanakula kwa besi hiyo hiyo.

Kwa maoni yangu, mpaka uwekwe mlangoni. Pale ambapo watu wote wanatoa, mpiga besi naye atoe kwa moyo mweupe. Pale penye kiingilio, bia inayouzwa au bajeti ya kamati, mpiga besi apate fungu lake, hata kama mchana ana kazi nyingine. Mpishi wa harusi haulizwi kama ana shamba. Analipwa kwa kuwa amepika.

Nawashauri vijana wenye magitaa waulize mambo manne kabla ya kusema ndiyo. Tunaanza saa ngapi na kumaliza saa ngapi? Vyombo ni vya nani, na vikiungua nani anatengeneza? Analipa nani, kiasi gani, na kabla au baada? Na usiku nitarudije nyumbani? Swali la mwisho si dogo, maana saa nane za usiku daladala hakuna, na bajaji au bodaboda inaweza kumeza nusu ya malipo yako. Kuuliza si ukosefu wa adabu. Majibu yakiwa ni kwamba hakuna fedha, na wewe bado unapenda kwenda, nenda ukapige kwa furaha. Hiyo sasa ndiyo ridhaa.

Sheria haidai kwamba kila mapatano yaandikwe. Ya mdomo nayo ni mapatano. Lakini ya mdomo yakikanwa huwa kazi kuyathibitisha. Siku hizi simu iko mkononi: mtumie mwenyekiti wa kamati ujumbe wa mistari miwili, naye ajibu "sawa". Nusu ya malipo inaweza kutumwa kwa simu hiyo hiyo kabla hujatoka nyumbani.

Na ninyi wanakamati, wenye kumbi na viongozi wa bendi, nawaomba mkipanga bajeti ya shughuli yenu msimwache mpiga besi katika fungu la "mengineyo". Mwandikeni kwa jina lake na kiasi chake, karibu na mpishi na mpiga picha. Kama hamna cha kumlipa, mwambieni mapema, ajue anakuja kwa hiari. Ahadi ni deni, na mhazini asiondoke na maharusi kabla hajalimaliza.

Kwa leo naishia hapo. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutakuwa pamoja tena.