Mteja Kwanza, Programu Baadaye

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Mbumbuni



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo vikundi vinauliza sana siku hizi: kikundi kikianza biashara, kichague programu gani ya simu au ya kompyuta ya kuweka habari za wateja? Vijana wanasema bila programu biashara haiendi. Wazee wanasema kitabu kinatosha. Sisi tunaona kwamba kila upande una haki yake, ila swali limeanzia katikati. Tulianze mwanzoni.

Tutafuata njia tuliyoizoea katika Jumuiya Ndogo Ndogo: kuona, kuamua, kutenda. Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji aliwafundisha vijana wafanyakazi njia hii, na Papa Yohane wa 23 akaisifu katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961. Inafaa pia kwa biashara.

TUONE

Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 20 ambacho kimeanza kuuza vifaranga wa kienyeji. Siku ya soko mama mmoja ananunua vifaranga 10, anaenda zake. Je, kazi imeisha? Bado. Tunajua sote kwamba kideri kikiingia bomani kinaweza kumaliza kuku karibu wote kwa siku chache. Chanjo yake hurudiwa kila baada ya miezi 3 hivi. Chupa moja mara nyingi ni ya kuku 100 au zaidi, na ikishachanganywa haiwekwi ya kesho. Sasa mwenye kuku 10 atanunua chupa nzima ya nini?

Lakini kama kikundi kimeandika kwamba kijiji fulani kina wateja 9 wenye kuku karibu 100, na siku yao ya chanjo imefika, kitawapigia simu. Watakutana mahali pamoja, chupa itaisha, na kila mmoja atalipa kidogo. Kuku watapona, na msimu ujao mama yule atarudi kununua na kuleta jirani yake. Hiyo ndiyo maana ya kumshughulikia mteja. Programu zote zinazouzwa kwa kazi hii, hata za bei kubwa, zinajaribu kufanya jambo hilo moja: kukumbuka nani alinunua nini, lini, na lini tumrudie.

Wengine wanatuambia, "Lakini M-Pesa inatuandikia." M-Pesa imetusaidia sana tangu ilipoanza mwaka 2007. Ujumbe wake unaonyesha nani amelipa, kiasi gani na saa ngapi. Hauonyeshi amenunua nini wala anakaa kijiji gani. Aliyelipa pesa mkononi hayumo, na aliyechukua kwa deni hayumo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo ni ya kweli hata kama daftari lenyewe liko ndani ya simu.

TUAMUE

Kabla ya kikundi kulipa hata shilingi moja, kijiulize maswali manne.

Kwanza, bei ya mwaka mzima ni ngapi? Zamani mtu alinunua programu mara moja, ikawa yake. Kampuni ya Salesforce ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1999, ni kati ya zile zilizoeneza desturi nyingine: unakodi programu kwa intaneti na kulipa kila mwezi kwa kila mtu anayeitumia. Siku hizi nyingi zinauzwa hivyo. Basi tupige hesabu. Tuseme ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Watu 3 ni shilingi 4,500 kwa mwezi, yaani 54,000 kwa mwaka. Kama faida ya kifaranga mmoja ni shilingi 20, mtauza vifaranga 2,700 ili kulipa programu peke yake, kabla mwanachama hajapata hata ya chumvi. Ongezeni bando la intaneti. Ile miezi ya kujaribu bure ni nzuri, lakini iangalieni bei ya mwezi unaofuata.

Pili, mtandao ukipotea itakuwaje? Siku ya soko wateja wamejaa na programu inazunguka tu. Jaribuni kuzima intaneti kwenye simu, kisha muandike mauzo matatu. Ikikataa, mtahitaji kitabu pembeni.

Tatu, tunaweza kuondoka na habari zetu? Hili wengi hawaliulizi. Mwambieni anayewauzia awaonyeshe jinsi ya kutoa orodha yote ya wateja na kuichapisha kwenye karatasi au kuihamishia programu nyingine. Akianza kuzungukazunguka, jueni kwamba siku mtakaposhindwa kulipa, wateja wenu watabaki kwake.

Nne, ni ya nani? Hapa ndipo panapouma. Habari zikikaa katika simu ya katibu peke yake, kwa namba yake na neno la siri analolijua yeye tu, siku atakapoolewa Kitui au kupata kazi Nairobi wateja wameenda naye. Hata kama ni mtu mwaminifu, simu huibiwa. Mababu zetu katika mwethya walilima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, na kila mtu alijua zamu ya nani imefika. Orodha ya wateja pia ni jasho la wote. Laini iwe ya kikundi, na watu wawili au watatu waliochaguliwa na mkutano wajue neno la siri. Mwaitu ambaye hakupata kwenda shule naye ni mwanachama kamili, kwa hiyo orodha isomwe kwa sauti mkutanoni ili ajue kikundi kina wateja wangapi. Madeni tajeni jumla yake tu. Majina ya wadaiwa yabaki kwa kamati.

Hilo linatuleta kwenye heshima ya mteja. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kwa ufupi, anayechukua jina na namba ya mtu amweleze ni za kazi gani, azitumie kwa kazi hiyo, na azilinde. Mwenye habari anaweza kuuliza mmeandika nini juu yake na kutaka kosa lisahihishwe. Kwa hiyo msiandike ugonjwa wa mteja wala ugomvi wa nyumbani kwake. Tena wakati wa kampeni mtu anaweza kuja na bahasha akitaka namba za simu za wateja wenu. Mama aliwapa namba yake ili mmwite kwenye chanjo, hakuwapa muiuze.

TUTENDE

Ushauri wetu ni huu. Anzeni na kitabu kikubwa cha mistari kwa miezi 3. Chora safu nane: tarehe, jina, kijiji, simu, alichonunua, alicholipa, deni, na siku ya kumrudia. Kila Jumatatu mtu mmoja apitie safu ya mwisho na kupiga simu. Kama kitabu hakijazwi, msidhani programu itajazwa. Shida itakuwa ni desturi ya watu, na programu haiwezi kuiponya.

Kitabu kikifanya kazi, mnaweza kuhamia simu ya kikundi. WhatsApp Business, iliyoanza mwaka 2018, ni ya bure, na inaruhusu kumwekea mteja alama, kama vile "amelipa" au "bado". Lakini wateja wenye simu za kabambe hawamo, hao wapigieni. Kitabu msikitupe.

Programu ya kulipia ingojee mpaka muone dalili zake: wateja wamefika mamia, mnauza mahali pawili na vitabu havipatani, au kumtafuta mteja mmoja kunachukua muda mrefu kuliko kumhudumia. Hapo mtakuwa mnajua mnataka nini, na muuzaji hatawachagulia.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Wateja wetu kumi wa mwisho ni akina nani, na ni nani kati yao amerudi?
2. Simu ya katibu ikipotea leo, tutapoteza nini?
3. Ni habari gani za mteja tunazozihitaji, na zipi si kazi yetu?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.